Barua ya siri ya Alban Berg, iliyoandikwa kwa noti

Mei 1925 mtunzi Alban Berg alitoka Vienna kwenda Prague kwenye tamasha la muziki, akafikia nyumbani kwa Herbert Fuchs-Robettin. Akaondoka amempenda mke wa mwenyeji wake, Hanna. Naye Berg alikuwa na mkewe, Helene. Barua zake 14 kwa Hanna zimehifadhiwa. Baadhi zilipitia mikononi mwa rafiki na mwanafunzi wake, Adorno.

Mimi hufundisha nadharia ya muziki hapa Kampala, na kwangu barua nzito kuliko zote haimo katika hizo 14. Ni Lyric Suite, utunzi wa vayolini mbili, viola na selo aliokamilisha 1926. Nakala iliyochapishwa ilitolewa kwa heshima ya mtunzi mwenzake, Zemlinsky. Lakini Berg alimpa Hanna nakala nyingine, akaijaza maelezo kwa wino wa rangi, na dunia ya wanamuziki ikaja kuijua 1977 kupitia mtafiti wa muziki George Perle, mwaka mmoja baada ya Helene kufariki.

Mwanakwaya aliyezoea solfa, yaani kuimba noti kwa do, re, mi, anaweza kuisoma mwenyewe. Wajerumani huita B yetu H, na B-flati huiita B. Basi Alban Berg ni A na B. Hanna Fuchs ni H na F. Fanya F iwe do: A inakuwa mi, B-flati fa, H inakuwa fe, yaani fa iliyopandishwa nusu. Imba mi, fa, fe, do. Ndio hao wawili, na noti hizo nne zinarudi kila mara katika kazi nzima. Katika sehemu ya pili viola inarudia C, ambayo kwa wanaotumia do isiyohama ndiyo do, yaani do-do: ni binti mdogo wa Hanna, ambaye nyumbani walimwita Dodo. Hapo ndipo naguswa zaidi, maana mtoto hana habari na haya yote.

Hata urefu umepimwa. Berg aliamini 23 ni namba yake, na 10 akampa Hanna. Sehemu ya kwanza ina bari (vipande vya mapigo) 69, ya tatu 138, ya tano 460, ya mwisho 46: zote zinagawanyika kwa 23, na 460 kwa 10 pia. Na katika hiyo ya mwisho amefuatisha shairi la Baudelaire chini ya noti, neno kwa neno, bila mwimbaji.

Simtetei Berg mbele ya Helene. Ila walimu wenzangu wa kidato cha tano na sita, andikeni mi, fa, fe, do ubaoni, wanafunzi waimbe kwanza, ndipo muwaambie ni majina ya nani.