Je, wajua kwa nini kuta za Tongoni hazirudi kuwa tope?

Tulipowapeleka watoto kutembea Tongoni, kusini mwa Tanga kwenye barabara ya Pangani, mdogo wao aliweka kiganja juu ya ukuta wa msikiti wa kale akauliza kwa nini haukubomoka kama jiko la udongo la bibi yake, lililoanguka masika. Nikamjibu kwa ujasiri wa mzazi kwamba chokaa ilikaushwa na jua miaka mingi. Nilikosea.

Tongoni si ngome, ingawa hivyo ndivyo nilivyowaahidi watoto njiani. Ni msikiti na makaburi ya mji uliostawi karne ya 14 na 15, na Vasco da Gama alipopita pwani hii mwaka 1498 aliukuta umekwisha kujengwa. Saruji tunayoijua leo ilipewa hataza Uingereza mwaka 1824, kwa hiyo haihusiki.

Kosa langu lilikuwa katika neno moja: kukauka. Udongo wa ukuta wa miti hukauka kweli. Maji huondoka, chembe hubaki zimebanana, na maji yakirudi, tope nalo hurudi. Kama chokaa nayo ingekuwa inakauka tu, masika ya kwanza yangeigeuza uji, na Tongoni imepigwa na mamia ya masika. Tena mafundi wa chokaa hufanya kinyume kabisa cha nilivyodhani: lipu mpya huifunika kwa magunia yaliyoloweshwa, kwa sababu ikichomwa na jua mapema hubaki unga unaofutika kwa kidole. Jua nililolisifu mbele ya watoto ndilo linaloiharibu.

Chokaa hugeuka kuwa jiwe. Mafundi wa pwani walipanga magogo, wakarundika juu yake vipande vya matumbawe, wakawasha tanuu. Moto wa nyuzi 900 hivi hufukuza hewa ukaa (kaboni dioksidi) iliyofungwa ndani ya jiwe, hata kilo 100 za matumbawe safi zikabaki kilo 56 tu. Mabaki hayo yakimwagiwa maji huchemka yenyewe na kupasukapasuka kuwa unga mweupe. Huko ndiko kuzima chokaa. Kuanzia hapo chokaa ni mdai: moto uliipokonya kilo 44 za hewa, nayo huzidai kidogo kidogo kutoka katika hewa inayoizunguka, mpaka iwe tena kile kile ilichokuwa baharini. Unyevu ndio mjumbe wa deni hilo, kwa kuwa hewa ukaa sharti iyeyuke kwanza katika maji yaliyomo ndani ya vitundu vya lipu.

Aliyelelewa na bibi mtafuna tambuu ameliona jambo hili bila kulijua. Chokaa ya kwenye kijaluba kilichofungwa vizuri hubaki laini kwa muda mrefu. Kikiachwa wazi, juu hujifanya utando mgumu ambao hata ukitiwa maji haulainiki, na chini yake chokaa ni laini bado. Ukuta nao huganda hivyo hivyo, kutoka nje kwenda ndani, na ukuta mnene huchukua miaka.

Simulizi za mayai na maziwa kuchanganywa katika chokaa ni tamu, na huenda yupo fundi aliyefanya hivyo, lakini ugumu wa kuta hizi unaelezeka bila yai hata moja. Wala nisitie chumvi: chokaa ni dhaifu kuliko saruji, na nguzo nyingi za makaburi ya Tongoni zimeshaanguka. Ila udhaifu huo una kazi yake. Chokaa hupitisha unyevu, ilhali kiraka cha saruji huuzuia pamoja na chumvi ya bahari, mpaka jiwe la kale linaliwa kutoka nyuma ya kiraka.

Jioni, kwa nia ya kusahihisha jibu langu, nilikamulia ndimu ganda la kombe tuliloliokota ufukweni, vipovu vikatoka, nikaeleza kwamba hiyo ndiyo hewa ukaa inayodaiwa. Mdogo wao aliinamisha sikio, akasikiliza, kisha akachukua kipande cha ndimu na kukikamulia sakafu ya baraza, ambayo ni ya saruji. Nayo ikatoa povu, nikalazimika kuanza maelezo upya.