Magazini kuingia si magazini kulisha: dhana potofu na ukweli

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba magazini (kisanduku cha risasi kinachochomekwa kwenye bunduki) ikiingia na kulia "tik", kazi imekwisha. Mlio ule unathibitisha jambo moja tu: kikamatio kimeshika. Kama risasi itapanda vizuri na kuelekea chemba (sehemu ya mtutu inayopokea risasi) kwa pembe inayofaa, hilo hutegemea sana umbo la ganda lake, yaani kopo la metali linalobeba baruti na kichwa cha risasi: unene wa kitako, urefu, na jinsi linavyopungua kuelekea shingoni.

Tazama risasi aina ya 6.5 Grendel. Magazini yake inaingia kwenye bunduki za jamii ya AR-15, na kwa nje inafanana sana na ya 5.56, risasi ya kawaida ya bunduki hizo. Lakini kitako cha Grendel kina kipenyo cha milimita 11.2 hivi, wakati cha 5.56 ni 9.6. Ndani ya magazini risasi hujipanga kushoto na kulia kwa kupishana. Ganda likiwa nene kuliko lililokusudiwa, mpangilio huo unavurugika: risasi zinabanana, na inayofuata inachelewa kupanda au inainamisha pua na kugonga ukuta wa mbele. Mbili tatu za mwanzo huenda zikapita, na ndiyo maana wengi huilaumu bunduki.

Dhana ya pili ndiyo inayonitia hofu kweli: "Magazini ni moja, basi risasi zinabadilishana." Risasi aina ya .300 Blackout kwa kawaida inatumia magazini ya 5.56 bila shida, kwa sababu ganda lake limetokana na hilo hilo la 5.56 lililofupishwa hadi milimita 35. Kichwa chake, hata hivyo, kina kipenyo cha milimita 7.8, na mtutu wa 5.56 hauwezi kukipitisha. Wakati mwingine bolti, kipande kinachofunga chemba kwa nyuma, inafunga kabisa, kichwa cha risasi kikisukumwa nyuma ndani ya ganda, na mpigaji haoni dalili yoyote. Akifyatua, bunduki inapasuka usoni pake. Mwenye bunduki za aina zote mbili atenge magazini zake kwa rangi au alama nene, na asiende uwanja wa shabaha na risasi za aina mbili kwenye mkoba mmoja.

Wapo pia wanaodhani mpindo wa magazini ya bunduki ya AK ni urembo. Ganda la risasi yake, 7.62x39, limechongoka kuelekea mbele. Ukipanga risasi 30 ubavu kwa ubavu zinajikunja zenyewe kuwa upinde, na magazini inafuata tu.

Kwa wanaojitengenezea risasi wenyewe kwa kujaza maganda: kuingia chemba kwa mkono hakuthibitishi kitu. Magazini ya kawaida ya AR-15 inataka risasi isiyozidi milimita 57.4 hivi kwa urefu wote. Ikizidi, ncha inakwaruza ukuta wa mbele na safu nzima inasimama.

Na springi ya magazini, inayosukuma risasi juu? Kuachwa imebanwa hakuichoshi kama kubanwa na kuachiwa mara nyingi. Kabla ya kuibadilisha, kagua midomo ya magazini, yaani kingo za juu zinazoshikilia risasi, hasa kama imewahi kuanguka ikiwa imejaa. Ikipanuka kidogo tu, risasi hutoka mapema au mbili kwa pamoja. Andika namba kwenye kila magazini. Kukwama kukifuata namba moja, iondoe hiyo. Kukitokea kwa zote, sasa angalia bunduki au risasi.