Gesi ya dampo chini ya nyumba: inatoka wapi, na bomba la kuipumulisha linafanya kazi gani

Taka za Arusha hupelekwa Muriet, za Moshi hupelekwa Kaloleni. Hayo madampo yanajulikana. Yasiyojulikana ni makorongo na mashimo yaliyochimbwa moramu, yakatupiwa taka mpaka yakajaa, yakafukiwa na kusawazishwa. Nyasi zikishaota, hapo ni kiwanja kama kingine, na mara nyingi bei yake inavutia.

Chini ya udongo huo maganda ya ndizi, mabaki ya chakula, makaratasi na mbao yanaendelea kuoza. Kwa kuwa oksijeni haifiki, kazi hiyo hufanywa na bakteria wasioihitaji, nao hutoa mchanganyiko wa gesi: karibu nusu yake ni methani, na sehemu kubwa ya inayobaki ni hewa ya ukaa. Methani hii ndiyo ileile inayowaka kwenye majiko ya bayogesi, ambayo CAMARTEC, kituo cha serikali cha teknolojia ya vijijini cha hapa Arusha, imekuwa ikiwajengea wafugaji mitambo yake. Ila mtambo wa samadi una bomba na koki, na dampo lililofukiwa halina. Uozaji unaweza kuendelea miaka 20, 30 au zaidi, kwa hiyo maneno ya dalali kwamba "hapo pamefukiwa siku nyingi" yasikutoe wasiwasi.

Methani ni nyepesi kuliko hewa, haina rangi wala harufu. Harufu ya mtungi wa gesi ya kupikia huongezwa makusudi ili uvujaji ujulikane. Gesi ya dampo haina aliyeiongezea. Wakati mwingine hunuka yai viza kwa sababu ya gesi nyingine iliyochanganyika nayo, lakini kukosa harufu si ushahidi kwamba haipo.

Ikitokea uwanjani, hupotea angani. Hatari ni chumba kilichofungwa. Methani ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa iliyomo, cheche ya swichi ya taa inatosha kulipua. Tarehe 24 Machi 1986, kijijini Loscoe, Derbyshire, Uingereza, nyumba ilibomolewa kwa mlipuko wa namna hiyo na watu 3 wakajeruhiwa. Haikuwa juu ya dampo, ilikuwa jirani nalo: gesi ilipita kwenye nyufa za miamba chini ya ardhi, wakati kanieneo ya hewa (mgandamizo wake juu ya ardhi) iliposhuka kwa kasi. Nasi tunajenga juu ya udongo wa volkano, ambao mahali pengi una matundu na nyufa. Wakati wa masika udongo wa juu ukilowa na kujifunga, gesi hutafuta njia ya pembeni, na chini ya nyumba ndiko kukavu. Kusakafia uwanja mzima nako huiziba vilevile.

Kupumulisha ni kuipa gesi njia rahisi ya kwenda juu kabla haijapata ufa wa sakafu. Chini ya jamvi, yaani zege la sakafu, hutandazwa kokoto safi, na ndani yake hulazwa mabomba yenye matundu. Mabomba hayo huunganishwa na bomba la wima linalopanda hadi juu ya paa, mbali na madirisha. Juu ya kokoto huwekwa utando maalumu usiopitisha gesi, ndipo zege linamwagwa. Nailoni ya kawaida ya kuzuia unyevu haitoshi, na utando mzuri uliotobolewa na fundi kwa bahati mbaya hautoshi pia. Mahali bomba la maji na waya wa umeme vinapopenya sakafu pazibwe kabisa, maana hapo ndipo gesi hupenda kupita. Penye gesi nyingi hufungwa feni ya kuivuta.

Kama nyumba imeshajengwa, ziba nyufa na usizibe matundu ya hewa ya ukutani hata baridi ya Julai ikikaza. Kifaa cha kutambua methani hufungwa karibu na dari, tofauti na cha gesi ya mtungi ambacho hukaa chini. Kamwe usipime kwa kiberiti.

Kabla ya kununua, waulize wazee wa mtaa pale palikuwa nini, kisha chimbisha shimo la majaribio. Kifusi cha mawe na matofali matupu hakiozi. Mifuko ya plastiki kwenye udongo mweusi inamaanisha taka, na hapo mwite mhandisi apime gesi kabla hujalipa hata shilingi. Asishuke mtu shimoni: hewa ya ukaa ni nzito, hutuama chini na inaweza kumzimisha mtu ghafla. Udongo na uchotwe kwa chepe lenye mpini mrefu, mchotaji akiwa juu.