Mvua haioshi barabara, inahamisha uchafu
Mvua za Novemba zikianza Mbeya, husemwa lami imeoshwa. Wapi! Uchafu umehama tu. Wala si moshi pekee: tairi likilika huacha zinki, pedi za breki huacha shaba, hasa kwenye mteremko kama wa Iwambi ambako malori hukanyaga breki mfululizo. Vumbi hilo hulala kiangazi kizima, kisha mvua ya kwanza hulizoa hadi mtaroni na mtoni bila kuchujwa. Kuchemsha maji hayo hakusaidii, mvuke huondoka, metali hubaki. Ukivuna maji ya bati kando ya barabara kuu (bati lenyewe hutoa zinki kidogo), mwaga ya mwanzo: lita 1 kwa kila mita ya mraba. Paa la mita 40 za mraba, ndoo mbili za lita 20.