Je wajua kwa nini picha moja ya nebula (wingu la gesi na vumbi huko angani) inatengenezwa na picha zaidi ya mia?

Ukicheki picha nzuri za Nebula ya Orion ambazo watu wamepiga wenyewe nyumbani, zile zenye wekundu na gesi iliyotanuka kama mabawa, mara nyingi chini mpigaji kaandika kitu kama "120 x 60s". Maana yake shata, yani pazia la kamera linaloruhusu mwanga kuingia, ilifunguka dakika nzima ikafunga, ikafunguka tena, hivyohivyo mara 120 na kamera inaangalia palepale. Sasa mtu anayeanza lazima ajiulize, kama dakika moja haitoshi si aache shata wazi masaa mawili mfululizo amalize kazi? Na kama zote ni picha za kitu kilekile, hiyo ya 120 inaongeza nini ambacho ya kwanza haina?

Jibu ni chenga, yani zile nukta nukta zinazochafua picha. Nebula ya Orion iko kama miaka nuru 1,340 kutoka hapa, na hiyo ni ya jirani kabisa maana galaksi ya Andromeda iko kama miaka nuru milioni 2.5, kwahiyo mwanga unaotufikia ni kidogo mno na unakuja kwa kudondoka, fotoni (chembe ya mwanga) moja moja, bila ratiba. Pikseli mbili zilizokaa pamoja zikiangalia sehemu yenye mwanga sawasawa, moja inaweza kudaka fotoni 9 na mwenzake 14, bahati tu. Hapo tayari picha ina chenga hata kamera ingekuwa bora kuliko zote duniani. Afu kuna joto la sensa, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, linalozalisha umeme ambao haujatoka kwenye nyota yoyote, na kila kamera inaposoma picha inaongeza chenga zake tena kidogo.

Ila chenga zina udhaifu mmoja, hazikai sehemu moja. Nebula inatokea palepale kwenye kila picha, chenga zinarukaruka. Ni kama mtu anakunong'oneza pembeni ya mashine inayonguruma, akisema mara moja hushiki kitu, ila akirudia sentensi ileile mara nyingi unaanza kuikamata, maana maneno ni yaleyale na ngurumo kila mara ina sura yake. Kihesabu iko hivi: ukirundika picha 100, yani ukizipanga juu ya nyingine na kuziunganisha kuwa moja, mwanga halisi unajumlika mara 100, chenga zinajumlika mara 10 tu kwa sababu zinafuata kipeuo cha pili cha idadi ya picha (10 mara 10 ni 100). Yani picha inakuwa safi mara 10. Picha 4 zinakupa usafi mara 2, picha 9 mara 3. Hata darubini ya anga ya Hubble ambayo haina hewa mbele yake ilifanya hivihivi, Desemba 1995 ikaelekezwa kwenye kipande cha anga kilichoonekana kitupu, ikapiga picha 342 ndani ya siku 10, zilipounganishwa zikatokea galaksi karibu 3,000.

Kuhusu kuacha shata wazi masaa mawili, tatizo ni kwamba ndege moja ikipita au setelaiti au upepo ukitikisa darubini, kazi yote imeharibika. Nyota zenye mwanga mkali zinajaa na kuwa madoa meupe yasiyo na rangi, na mwanga wa taa za mji ulioko angani unajaza sensa mpaka nebula inafunikwa. Ukiwa na vipande 120 unatupa vile vibovu basi. Na mstari wa setelaiti wala huhitaji kutupa picha nzima, programu inalinganisha pikseli moja kwenye picha zote, ikikuta kwenye moja imewaka peke yake inaikataa hiyo thamani na kuendelea na zingine.

Lakini kurundika kunaondoa chenga zinazohama tu, hili wengi wanaoanza hawaambiwi mapema. Kuna uchafu unaokaa palepale kila picha nao ukirundika unaukuza pamoja na nebula! Pikseli mbovu inayowaka muda wote, vumbi kwenye sensa, kona za picha zilizofifia. Ndo maana watu wanapiga picha za giza, yani unafunika lenzi na kifuniko chake na kupiga kwa muda uleule, ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) ileile, joto lilelile la kamera, ili programu ijue sensa inazalisha nini peke yake afu itoe. Kisha picha za mwanga bapa, unaelekeza lenzi kwenye kitu cheupe chenye mwanga sawa kote bila kugusa fokasi, hizo ndo zinafuta vumbi na giza la kona. Nakusihi usiziruke, dakika chache tu zinakuokoa na masaa ya kuhangaika kwenye kompyuta.

Tukija kwenye vifaa, kitu cha kwanza cha kuweka hela sio darubini, ni stendi inayofuata nyota. Dunia inazunguka kwahiyo anga inaonekana kuhama nyuzi 15 kila saa. Kwenye stendi ya kawaida kuna kanuni ya 500: gawanya 500 kwa urefu wa fokasi wa lenzi yako upate sekunde ambazo nyota hazijaanza kuwa mistari. Lenzi ya milimita 24 inakupa kama sekunde 20, ya 50 sekunde 10, ya 200 sekunde 2 na nusu, na kama sensa yako ni ndogo punguza tena. Darubini yenye fokasi ya milimita 600 haifiki hata sekunde moja. Darubini ya Dobson ni tamu sana kwa kuangalia kwa jicho, na ningemshauri yeyote aanze kwa kuangalia kwanza, ila kwa picha za dakika nzima haifai maana inasogea juu-chini na kushoto-kulia tu, hata ukiifunga mota uwanja mzima unajizungusha taratibu. Inayotakiwa ni stendi ya ikweta, ambayo mhimili wake unauelekeza kwenye ncha ya anga, pale ambapo nyota zote zinaonekana kuzunguka. Kama huna yoyote, kamera na lenzi ya 50 kwenye stendi ya kawaida, elekeza Kilimia au Orion, piga picha 200 za sekunde 5 hadi 8 kwenye faili la RAW, yani data ghafi ya kamera. Inatosha kabisa kuanza.

Sayari ni habari nyingine, zenyewe zinaonekana angavu vya kutosha, adui ni hewa inayotetemeka. Pale unarekodi video, programu inachagua fremu zilizotulia tu ndo inazirundika.

Sasa umerundika, kwa programu ya Siril mfano ambayo ni ya bure, unafungua unakuta picha nyeusi tii. Wengi wanakata tamaa hapa na hakuna kilichoharibika. Sensa inahesabu mwanga kwa uwiano ulionyooka, kwahiyo nyota zimechukua nafasi yote ya juu na nebula imebanwa kwenye kipande chembamba kushoto mwa histogramu, ule mchoro unaoonyesha pikseli ngapi ni nyeusi na ngapi ni angavu. Kazi ni kukivuta kile kipande kiende kulia, kidogo kidogo, mara kadhaa, bila kuchoma nyota. Kabla ya kuvuta toa kwanza mwanga wa mji ulioegemea upande mmoja wa picha, ukichelewa utauvuta nao.

Na kama unajiuliza kama rangi zimebandikwa, hapana, hazijabandikwa. Ule wekundu ni haidrojeni inayotoa mwanga wa nanomita 656.3, upo kweli, ila usiku jicho linatumia seli zisizojua rangi. Wanaotumia filta nyembamba, zinazopitisha kipande kidogo tu cha rangi za mwanga, na kugawa rangi wenyewe kwa mtindo wa Hubble ndo inabidi waseme hivyo kwenye maelezo, mtazamaji ana haki ya kujua.

Picha ngapi zinatosha? Kutoka 100, ili chenga zipungue nusu tena unahitaji 400, afu 1,600, ndo maana watu wanarudi kwenye kitu kilekile usiku baada ya usiku. Kwahiyo zile RAW za kwanza pamoja na picha zake za giza usizifute, mwakani Orion ikirudi utazirundika pamoja na mpya.