Risiti ya Ndevu: Peter Mkuu na Mageuzi ya Urusi

Wanaosoma historia ya Tsar (yaani mfalme) Peter Mkuu wa Urusi wengi huanzia kwenye meli na majumba. Mimi hupenda kuanzia kwenye kipande kidogo cha shaba cha mwaka 1705. Kimechorwa pua, masharubu na ndevu, basi; macho hayapo. Juu yake pana maneno ya Kirusi yenye maana kwamba pesa zimepokelewa. Si sarafu ya kununulia mkate. Ni risiti: aliye nayo amelipia ndevu zake, asibughudhiwe.

Peter alirejea Moscow mwaka 1698, baada ya zaidi ya mwaka mzima Ulaya Magharibi. Huko alijificha kwa jina la Pyotr Mikhailov, akashika shoka na mafundi wa meli wa Uholanzi, kisha akavuka kwenda Uingereza kujifunza zaidi. Uasi wa askari walioitwa streltsi ndio uliomrudisha mbio. Wakubwa walipokuja kumlaki, alichukua kifaa cha kunyolea akaanza kuwaondoa ndevu yeye mwenyewe, wa kwanza akiwa jemadari Shein.

Unaweza kucheka, lakini wao hawakucheka. Kwa Mworthodoksi, Mkristo wa kanisa la Warusi, wa enzi hiyo, ndevu zilikuwa sehemu ya sura aliyoumbiwa na Mungu. Mhandisi Mwingereza John Perry, aliyeajiriwa na Peter, alisimulia habari za seremala mzee aliyetoka kunyolewa na kuzificha ndevu zake kifuani, ndani ya nguo. Alitaka azikwe nazo, apate la kumjibu Mtakatifu Nikolai.

Asiyetaka wembe alilipa. Viwango vya 1705 vilimtoza mfanyabiashara tajiri rubli 100, pesa ya Urusi, kwa mwaka, mtumishi wa serikali 60, na wakazi wengi wa mijini 30. Makasisi walisamehewa. Mkulima naye hakuguswa akiwa kijijini, ila alitoa kopeki moja, sehemu ya mia ya rubli, kila alipopita lango la mji, kuingia na kutoka.

Hazina ilikuwa na njaa. Vita dhidi ya Sweden vilianza 1700 na kuendelea hadi 1721. Baada ya kushindwa vibaya katika mapigano ya Narva, Peter aliamuru hata kengele za makanisa ziyeyushwe zitengenezwe mizinga. Mengi tunayoyaita mageuzi yalizaliwa na vita hivyo: shule ya hisabati na urambazaji Moscow mwaka 1701, mji wa St. Petersburg ulioanza kujengwa 1703, na ngazi 14 za utumishi zilizowekwa 1722, ambazo zilimpa hata asiye wa ukoo mkubwa nafasi ya kupanda. Kalenda ilikwisha kubadilishwa: mwaka 7208, uliohesabiwa tangu kuumbwa kwa ulimwengu, uligeuka kuwa 1700.

Nani aligharimia yote haya? Hapo vitabu vingi hupita haraka. Mwaka 1724 ilianza kutozwa kodi ya kichwa, jina ambalo wazee wetu walilijua kwa machungu yao wenyewe. Ilikuwa kopeki 74 kwa kila mwanamume, na kitoto kichanga kikihesabiwa. Mkulima aliyekuwa mali ya bwana wake alizidi kufungwa kwenye shamba. Kwenda mbali kutafuta kazi kulihitaji kibali cha maandishi. Kodi ya ndevu ilifutwa na Malkia Catherine wa Pili mwaka 1772. Ya kichwa iliendelea kukusanywa zaidi ya miaka mia moja baada ya hapo.