Ukuta Mrefu Unamfaa Nani?

Mteja mmoja wa Goba, Dar es Salaam, alinirudishia ramani ya nyumba yake, kwenye fensi ameandika kwa kalamu nyekundu: "Kozi 12, na chupa juu." Mimi nilikuwa nimechora kozi (mistari) tano za tofali, halafu nondo kwenda juu.

Nikamwomba tukutane saiti saa moja jioni. Jirani yake anao ukuta kama anaoutaka, kwa hiyo tukaenda kusimama nje yake. Dakika kumi zikapita. Hakuna aliyechungulia wala kutuuliza tunamtafuta nani. Nikamwambia: mwizi kuruka hapa ni suala la sekunde, na akishatua ndani ukuta huo huo unamsitiri. Atakata grili ya jikoni taratibu, hana haraka.

Msanifu wa Marekani, Oscar Newman, aliliona jambo kama hilo St. Louis, kwenye nyumba za Pruitt-Igoe: majengo 33, kila moja ghorofa 11. Penye ngazi ya familia mbili tu palikuwa pasafi. Korido za familia 20 zilikuwa balaa, maana hakuna aliyeweza kumtambua mgeni wala kumwuliza. Ubomoaji ulianza 1972. Umaskini na matengenezo mabovu vilichangia sana (wasanifu tunapenda kujipa sifa na lawama kupita kiasi), lakini lile la korido mimi nalishika mpaka leo.

Sisi tunayo baraza. Pita Mji Mkongwe jioni: watu wameketi vibarazani, kahawa inazunguka, na ukikata kona mara mbili bila kujua uendako utaulizwa. Nyumba za zamani za Kariakoo nazo zilikuwa hivyo, mlango na kibaraza vikitazama mtaa. Ghorofa zilipoingia, chini yakabaki maduka. Yakifungwa usiku, mtaa unabaki hauna macho.

Kwa hiyo kwa mteja wangu nimehamisha jikoni ije mbele, dirisha litazame geti. Taa moja kali aliyoitaka nimeigawa ziwe nne ndogo, kwa sababu ile kali humpofusha mlinzi na kuacha giza zito pembeni. Nimemsihi pia asimfukuze mama wa genge pale konani, ambaye hufunga saa nne usiku.

Upande wa barabara amekubali nondo. Nyuma amegoma, na chupa ameshaanza kukusanya.